Pampu ya vakyumu ya breki kwenye gari la dizeli: mtumba, ripea kiti, kopi mpya au orijino?

Dereva mmoja wa Hilux yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L alifika gereji kwetu Iringa akiwa na pampu ya vakyumu ameifunga kwenye gazeti. "Shikamoo fundi. Naomba unifungie hii. Ni ya mtumba, imetoka Japani, muuzaji amenihakikishia ni nzima." Kijana huyo hubeba nyanya za Ilula, anashuka nazo Mlima Kitonga hadi Morogoro, na kwa wiki mbili mguu wa breki ulikuwa mgumu kama anakanyaga tofali. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Kabla hatujagusa gari, tuifungue kwanza hiyo uliyonunua."

Skrubu za mfuniko zilikuwa zimeng'ang'ania, ikabidi tutumie bisibisi ya kugonga ndipo zikaachia. Nikafuta oili nyeusi kwa kitambaa, nikapitisha ukucha kwenye ukuta wa ndani, pale ambapo vibao vya pampu huteleza. Ukucha ulikwama, ukaachia, ukakwama tena, kama unaupitisha kwenye meno ya kitana. Kisha tukaishusha pampu yake mwenyewe, ile aliyokuwa tayari kuitupa. Ukuta wake ulikuwa laini, ukucha ukapita moja kwa moja. Ubovu wake ulikuwa vibao vilivyolika na oili sili iliyokauka ikawa ngumu kama plastiki ya ndoo. Akaniangalia: "Kwa hiyo nilitaka kutupa nzima nifunge mbovu?"

Ndivyo ilivyokuwa, na si yeye peke yake. Watu wakiuliza "ninunue ipi?" wanalinganisha bei na bei. Bei utaiona dukani. Kinachoamua ni hali ya ukuta wa ndani, hali ya meno ya shafti inayoizungusha pampu, na oili inayoilainisha. Ukishavijua hivyo ndipo swali la mtumba, ripea kiti (vibao na sili mpya za kufunga kwenye pampu ya zamani), kopi au orijino linapata jibu, na jibu la gari lako linaweza kuwa tofauti na la jirani yako mwenye gari lile lile.

Pampu hii inafanya nini

Gari la petroli la kawaida hupata ombwe, yaani vakyumu, bure. Unapoachia mafuta, kipepeo cha hewa kinajifunga, injini inaendelea kuvuta, na nyuma ya kipepeo panabaki nafasi isiyo na hewa ya kutosha. Mpira mmoja unatoka hapo kwenda kwenye busta ya breki, chombo kinachousaidia mguu wako kusukuma breki, basi. Dizeli za kizamani hazina kipepeo cha namna hiyo, hewa inaingia wazi muda wote, kwa hiyo injini haiwezi kuipa busta kitu. Ndiyo maana ikawekewa pampu yake.

Busta ina diaframu pana ya mpira. Pampu inanyonya hewa pande zote mbili za diaframu. Ukikanyaga, upande wa kwako unafunguliwa na hewa ya kawaida inaingia kusukuma. Chukua diaframu ya kipenyo cha inchi 9. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 410. Pampu nzima ikivuta vizuri huko Dar es Salaam, hewa inaisukuma diaframu hiyo kwa nguvu ya karibu kilo 380. Hizo ni kilo ambazo mguu wako haukuzitoa. Pampu ikifa, breki zipo, mafuta ya breki yapo, padi zipo, lakini kilo hizo zimeondoka na umebaki na paja lako. Kwenye barabara tambarare utasimama kwa shida. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo, sitaki hata kufikiria.

Pima kabla hujatoa hela

Nimeshaona pampu tatu zikibadilishwa kwenye gari moja na tatizo likawa ni valvu ndogo ya njia moja, kitu unachoweza kukificha kwenye kiganja. Kwa hiyo usianze na dukani.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi mguu uwe mgumu. Uache umekanyagwa, washa gari. Mguu ukishuka kidogo wenyewe, pampu inavuta na busta inapokea. Usiposhuka, kuna hitilafu mahali fulani kati ya pampu na busta, na bado hujui ni wapi. Sasa acha injini iungurume dakika moja, zima, subiri dakika kadhaa, kisha kanyaga. Unatakiwa upate mikanyago miwili au mitatu iliyo laini. Ukipata mgumu tangu wa kwanza, ombwe limevuja: tazama valvu ya njia moja, mpira na klipu zake. Valvu hiyo ipulize kwa mdomo. Ukipuliza kutoka upande wa busta hewa ipite, ukipuliza kutoka upande wa pampu izuiwe. Ikipitisha pande zote, badilisha hiyo kwanza. Na ukisikia mvumo wa hewa chini ya usukani muda wote mguu ukiwa kwenye breki, huenda ni diaframu ya busta imechanika, na pampu mpya haitaizuia kuvuja.

Kipimo chenyewe ni geji ya vakyumu. Unaichomeka moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wa bara na wa pwani wanagombania bure. Hewa usawa wa bahari ina uzito wa milimita 760 za zebaki, yaani karibu inchi 30, na pampu nzima Dar es Salaam au Mombasa itakuonyesha inchi 26 hadi 28. Iringa mjini tuko juu ya mita 1,500, hewa yenyewe ni nyepesi, haifiki inchi 25 hata ungekuwa na pampu ya mbinguni. Pampu ile ile iliyosoma 27 Dar itasoma kama 22 hapa kwetu. Nairobi na Mbeya ni hivyo hivyo. Nimeletewa pampu nzima iliyohukumiwa kifo kwa sababu fundi alisoma namba ya kitabu na kusahau alipo. Ukipima 22 Iringa, pampu yako ni nzima; ukipima 22 Tanga, anza kujiandaa. Na usisahau kuwa busta nayo inategemea hewa hiyo hiyo: zile kilo 380 za Dar zinakuwa kama 310 huku juu, kwa hiyo kwetu pampu iliyochoka inajulisha mapema zaidi.

Iko wapi kwenye gari lako

Kwenye Toyota za injini za 2L, 3L na 5L, Nissan TD27, Isuzu 4JA1 na 4JB1, na Mitsubishi 4D56, utaikuta mgongoni mwa alternata. Shafti ya alternata imetokeza nyuma ikiwa na meno, na meno hayo ndiyo yanayozungusha rota ya pampu. Land Rover ya Td5 nayo iko hivyo. Oili ya injini inaingia kwa mpira mwembamba, inalainisha, inarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa mpira mnene. Maelezo yangu mengi hapa ni ya aina hii, kwa sababu ndiyo inayobeba mizigo yetu.

Kukaa kwake hapo kumeiletea uyatima. Alternata ni ya fundi umeme. Breki ni za makanika. Fundi umeme anashusha alternata kubadilisha brashi na beringi, pampu anaiweka pembeni kwenye mchanga, anairudisha na oringi ile ile. Makanika anaona breki ngumu, anabadilisha mastasilinda. Pampu hiyo katikati haina mwenyewe. Ukienda gereji, uliza mapema ni nani kati yao atakayejibu kama ikivuja, na huyo ndiye aifunge.

Ripea kiti: chaguo langu la kwanza, kama ukuta ni mzima

Ndani ya pampu kuna vitu vichache. Nyumba ya duara, rota iliyokaa si katikati bali imeegemea upande mmoja, na vibao vyembamba vinavyoteleza kwenye mifereji ya rota. Rota ikizunguka, vibao vinarushwa nje vikagusa ukuta, vinakamata hewa upande wenye nafasi na kuibana upande usio na nafasi. Vibao ndivyo vinavyolika kwanza, kisha oili sili na oringi zinakauka kwa joto. Hivyo vyote vinauzwa kama ripea kiti, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya pampu, ya mtumba hata.

Kwa hiyo kama ukuta wa nyumba yako ni laini, na mifereji ya rota haijachongeka, unarudishiwa pampu ambayo historia yake unaijua. Umeiendesha wewe, oili umeiweka wewe. Hakuna muuzaji anayeweza kukupa hilo.

Mtihani wa ukucha unatosha kwa mtu wa kawaida. Mistari unayoiona kwa macho lakini ukucha haukwami, iache ilivyo. Ukucha ukikwama, kiti hakitakusaidia. Vibao vipya vitalika kwa muda mfupi kwa sababu vinasuguliwa na mabonde na milima. Wapo wanaosugua ukuta kwa msasa ili ung'ae. Nakusihi usikubali. Umbo la nyumba hiyo lina kipimo chake, na chembe za msasa zikibaki humo zinakwenda na oili moja kwa moja hadi kwenye beringi za injini.

Kuna kosa moja la kufunga kiti ambalo linaua kazi yote. Vibao vina upande wa mviringo na upande uliokatwa wima. Upande wa mviringo unatazama nje, kwenye ukuta. Vikigeuzwa, pampu inavuta vizuri siku ya kwanza, kisha kona kali inaanza kukwangua, na baada ya hapo una nyumba yenye mikwaruzo uliyoitengeneza mwenyewe. Simama pale fundi anapovipanga. Si kumvunjia heshima. Mimi mwenyewe huwaonyesha wateja kibao kimoja kimoja kabla ya kufunga mfuniko.

Udhaifu wa kiti ni kwamba ubora wake hutofautiana sana. Oili sili ya bei rahisi inaweza kuanza kuvuja mapema, na ikivuja kwenye aina hii oili inaingia ndani ya alternata, inalowesha brashi, taa ya betri inawaka, na umeongeza ugonjwa wa pili. Sili nunua iliyo nzuri hata kama vibao umepata vya kawaida.

Mtumba: ndiyo, lakini ikiwa imefunguliwa mbele yako

Siko dhidi ya mtumba. Spea nyingi zinazofanya magari yetu yaendelee kutembea zimetoka kwenye magari yaliyochinjwa Japani, nyingine zimepita Dubai na Sharjah, zikafika Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi. Pampu iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gari hilo, hata ikiwa imetumika, mara nyingi ina chuma bora kuliko kopi mpya. Hiyo ndiyo sababu ya haki ya kuichagua.

Tatizo ni kwamba pampu ya vakyumu haionyeshi umri wake kwa nje. Alternata unaweza kuizungusha ukasikia beringi. Injekta unaweza kuipima. Pampu hii unaletewa imefungwa, imepakwa rangi ya fedha, na muuzaji anaziba mdomo wake kwa kidole gumba, anazungusha kwa mkono: "Unasikia inavyovuta?" Kwa mkono itavuta tu. Oili iliyobaki ndani inaziba mianya, hata mbovu inavuta kidole. Hicho si kipimo.

Mwambie afungue mfuniko. Ni skrubu chache na oringi moja. Akikataa, ondoka kwa amani. Akikubali, pitisha ukucha, toa vibao utazame kama vina urefu sawa, ingiza kimoja kwenye mfereji wake uone kama kinacheza kushoto na kulia. Halafu tazama meno ya ndani ya rota, yale yanayoshika shafti. Meno mazima yana kilele cha bapa. Yaliyolika yamechongoka kama meno ya msumeno. Yaliyochongoka usiyachukue kwa bei yoyote, maana yatakula na shafti ya alternata yako.

Hata mtumba mzuri ununulie ripea kiti siku hiyo hiyo. Sili iliyokaa miaka kwenye kontena na stoo haiaminiki. Kwa hiyo unapolinganisha bei, weka mtumba pamoja na kiti upande mmoja, na kiti peke yake upande wa pili. Ndipo utaona kwamba mtumba una maana pale tu ambapo nyumba yako imekwaruzika.

Kuna njia nyingine ya mtumba ambayo watu huisahau: kununua alternata nzima pamoja na pampu yake. Kama meno ya shafti yako yameisha, hii huwa njia ya akili kuliko kununua pampu peke yake, kwa sababu unapata meno ya pande zote mbili yaliyozoeana. Linganisha pia ampea na aina ya puli kabla ya kulipa.

Kopi mpya: bei ya katikati, wasiwasi wa kila mara

Kopi zimejaa madukani na si zote mbaya. Nimefunga ambazo zimekaa miaka, nimefunga ambazo zilirudi kabla ya oili kubadilishwa mara ya pili. Shida ni kwamba boksi jeupe halikuambii iliyo ndani ni ya kundi gani. Ninachofanya ni kuishika pamoja na ya zamani, moja kila mkono. Ikiwa nyepesi kwa namna unayoihisi, naanza kuuliza maswali. Naizungusha ikiwa na tone la oili: izunguke bila kukwama sehemu moja ya duara. Naiingiza kwenye shafti ya alternata iliyo mezani, si ndani ya gari. Meno yaingie yote bila kugongwa na bila kuyumba.

Na beba ya zamani dukani. Kumwambia muuzaji "nataka ya 3L" hakutoshi. Idadi ya meno hutofautiana, kimo cha nyumba hutofautiana, midomo ya oili inaweza kuangalia upande mwingine, na pampu inayozunguka kinyume haivuti hata iwe mpya kiasi gani.

Kopi naikubali kwa gari la mjini, lisilobeba mzigo mkubwa, lenye mwenye gari anayeweza kurudi kuikagua. Kwa gari la Kitonga, kwa Canter ya kokoto, kwa gari la abiria, kwangu jibu ni hapana. Ukikosa orijino, chukua mtumba uliofunguliwa na kiti kizuri.

Orijino

Hapa sina mengi. Ukiipata kweli, na mfuko unaruhusu, umemaliza. Kwa Toyota, namba za pampu za vakyumu huanza na 29300, na zile za familia ya injini za L hufuatiwa na 54. Mpe muuzaji namba kamili iliyotokana na namba ya chasisi ya gari lako, si ya picha ya kwenye simu ya mtu. Jihadhari na boksi zuri lenye kopi ndani: tazama kama namba iliyo kwenye boksi inaendana na ya kwenye karatasi ya agizo, na kama chuma chenyewe kimemalizwa vizuri kwenye kingo za ndani, si nje tu ambako rangi inaficha.

Orijino mpya kwenye shafti iliyolika ni pesa iliyotupwa mtoni. Meno mabovu hayatachagua, yatakula na orijino. Niliwahi kumfungia mteja pampu mpya kabisa nikaamini macho yangu badala ya kupapasa meno ya shafti. Baada ya miezi michache alirudi, breki zimekufa ghafla njiani, rota imesimama huku alternata inazunguka ndani yake. Namshukuru Mungu alikuwa kwenye tambarare. Tangu siku hiyo sifungi pampu kabla sijapitisha kidole kwenye kila jino.

Magari ambayo mtumba siugusi

Mercedes za zamani za dizeli, kama 240D na 300D za W123, zina pampu mbele ya injini, nayo inaendeshwa kutoka kwenye mfumo wa taiming. Kwenye injini hizo na dada zake za baadaye, beringi ya pampu ikivunjika, gololi na vipande vyake vinaangukia kwenye mnyororo wa taiming. Hapo hatuzungumzii breki tena, tunazungumzia injini nzima. Kununua mtumba wa sehemu hiyo ni kununua beringi ya miaka mingi ya mtu usiyemjua na kuiweka juu ya mnyororo wako. Nunua mpya ya kampuni inayojulikana, Pierburg kwa mfano, au subiri hadi uipate. Dalili ya pekee kwenye magari hayo: ombwe ndilo linalozima injini, kwa hiyo ukitoa ufunguo na gari likaendelea kuunguruma, anza kuchunguza pampu na mipira yake.

Volkswagen TDI za mfumo wa injekta-pampu zina pampu ya mapacha mwishoni mwa silinda hedi: upande mmoja unavuta ombwe, upande mwingine unasukuma dizeli. Sili za ndani zikichoka, dizeli inaingia kwenye oili, na utaona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka. Hapa mtumba una hatari mbili kwa bei ya moja. Gasketi mpya pekee inaweza kutosha kama inavuja kwa nje tu; ikivuja ndani, tafuta mpya.

Land Rover za 300Tdi ziko katikati. Pampu yao inasukumwa na kamshafti ubavuni mwa injini, haina meno ya shafti ya kuogopa, na mpya zinapatikana kwa urahisi wa kutosha kiasi kwamba mtumba hauna faida ya kweli.

Kuhusu pampu za umeme, zile za kwenye magari ya haibridi na ya umeme, ambazo siku hizi watu wanashauriana kuzifunga kwenye dizeli za zamani: zinafanya kazi, lakini zinahitaji swichi ya ombwe, fyuzi, nyaya nzuri na taa ya kukuonya. Gari likiharibika umeme usiku mlimani, msaada wa busta umeondoka nao. Sijashawishika.

Kilichoiua ya kwanza kitaiua na ya pili

Chaguo lolote utakalofanya, fuata mipira ya oili kabla ya kufunga. Mpira mwembamba wa kuleta oili, pamoja na bolti yake yenye tundu, huziba kwa tope la oili iliyochelewa kubadilishwa. Pampu ikikauka hata kwa safari moja, ukuta unakwaruzika. Mpira mnene wa kurudisha ukikunjika au ukiwa mgumu ndani, oili inajaa kwenye pampu haina pa kwenda, inatafuta sili na kuisukuma. Watu wanalaumu sili. Mipira yote miwili ibadilishwe pamoja na pampu, ni gharama ndogo.

Vuta pia mpira wa ombwe kwenye busta, uingize kidole. Ukikuta oili nyingi, valvu imeshindwa zamani na oili imefika kwenye diaframu. Mpira wa diaframu hauipendi oili, unavimba na kulegea. Hapo jiandae na busta pia, usije ukamlaumu aliyekuuzia pampu. Na ukibadilisha mpira wa ombwe, usikubali ule wa mafuta ya petroli ambao fundi anao tayari. Ukivutwa unanywea katikati kama mrija wa soda, na injini ikipata moto ndipo breki zinakuwa ngumu. Uwe mpira mnene wenye nyuzi ndani.

Kabla ya kuifunga pampu, mimina oili safi ya injini kidogo kwenye tundu lake, zungusha kwa mkono hadi uione inatoka upande wa pili. Sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndizo zinazokwangua pampu mpya, kwa sababu oili ya injini bado haijaifikia.

Kijana wa nyanya tulimfungia kiti kwenye pampu yake mwenyewe, mipira miwili mipya, na valvu. Ile ya kwenye gazeti alirudi nayo kwa muuzaji, na alirudishiwa nusu ya hela yake. Kwa kalamu ya rangi niliandika kwenye mgongo wa alternata tarehe na namba ya geji: 22. Ndivyo ninavyofanya kwa kila pampu ninayoifunga, ili fundi yeyote atakayefungua boneti huko mbele ajue ilianzia wapi. Alipopita miezi minne baadaye kubadilisha oili, tuliichomeka geji tena. Ilisoma 22, na upande wa alternata palikuwa pakavu. Nikaandika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza.